Adresi Nane Nilizodaiwa Kuzila

Ninyi vijana mliobaki na funguo za chumba cha ruta mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, na kwa kuwa mmeniomba kwa adabu, nimekubali. Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za adresi, kwa sababu ni adresi zilizonifikisha karibu na kufukuzwa kazi kama mwizi, na kwa sababu hamchoki kuniuliza kwa nini wazee wa polikliniki huniita Mama Munane.

Jina langu ni Mwamini. Babu yangu alitoka Maniema na bidhaa zake, akafungua duka Birere, hapa Goma, na katika nyumba yetu kitu kimoja hakikuchezewa, nacho ni mizani. Baba alikuwa akituambia kwamba mteja akitoka kwetu na sukari pungufu, sisi hatuna tena uso wa kwenda nao msikitini. Liwekeni hilo akilini, maana mbele litahitajika.

Siku yangu ya kwanza polikliniki nilikabidhiwa kwa Papa Kambale, Mnande wa Butembo, ambaye ujana wake wote aliutumia kutengeneza simu za waya mpaka zikafa zote. Alikuwa hazungumzi kabla ya chai. Alinipa pinsi ya kubana vichwa vya kebo, akanionyesha ngazi yenye mguu mmoja mbovu, akaninyooshea kidole darini. Nilivaa sketi. Kesho yake nilikuja na suruali, na tangu hapo tukaelewana.

Kebo zetu zilipita juu, darini na ukutani, kwa sababu Goma hakuna mtu mwenye akili anayechimba mfereji. Ukipiga jembe mara mbili unakutana na jiwe lililomwagwa na mlima wa moto, na jiwe hilo halina haraka. Vichwa vya kebo vilivyokuwa nje, kwenye antena ya paa, vililiwa na ile mvua yenye moshi wa mlima kama ilivyokula mabati ya kila mtu. Papa Kambale alivipaka grisi ya magari. Haimo katika kitabu chochote, lakini fanyeni hivyo hivyo.

Wiki hiyo hiyo nilijifunza adresi ni nini, na nilijifunza kwa vurugu. Kompyuta ya mapokezi iliandika kwa Kifaransa kwamba kumeonekana konfli ya adresi. Katibu wa mapokezi alisoma mpaka kwenye neno konfli, hakuendelea. Kwetu Goma konfli ni vita, na neno hilo hatuliulizi maelezo. Alivua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akampigia mume wake simu awatoe watoto shuleni, akatoka. Wagonjwa walipomwona katibu anaondoka peku, nao wakaondoka, wawili wakiwa wameinua juu chupa za serumu zao za dripu. Papa Kambale alikuwa akinywa chai, kwa hiyo hakusema neno. Alipomaliza alikwenda kwenye ofisi ya daktari mgeni, akakuta amejiwekea kwa mkono namba ile ile ya mashine ya mapokezi. Mashine mbili, adresi moja. Hiyo ndiyo ilikuwa konfli yote. Wagonjwa tuliwarudisha kutoka njia ya Katindo mmoja mmoja.

Jioni Papa Kambale alinifundisha. Adresi, alisema, ni namba nne zenye nukta katikati, na kila namba inaanzia sifuri na kuishia mia mbili hamsini na tano. Sehemu ya mbele inasema avenue, yaani mtaa, sehemu ya nyuma inasema parcelle, yaani kiwanja. Yetu ilikuwa 192.168.10 kwa mbele, hiyo ndiyo avenue, na namba ya nyuma ilikuwa nyumba ya mashine moja. Nikamwambia kwamba kwetu hakuna anayejua namba ya nyumba yake. Mtu akija anaambiwa ashuke kwa mwenye duka la dawa, aulizie mlango wa bleu. Akajibu kwamba hapo ndipo mashine inapotushinda ujinga, maana yenyewe haiwezi kuulizia.

Halafu akanieleza maski. Maski ni ile namba ya pili, inayoiambia mashine avenue inaishia wapi na parcelle inaanzia wapi. Kesho yake alinituma stoo niulizie maski ya mapokezi, kwa kuwa karatasi ya usanidi ilikuwa huko. Mtunza stoo alinipa katoni nzima ya zile za kufunika mdomo, akaniambia mapokezi wanapoteza sana.

Jambo la mwisho alilonifundisha lilikuwa dogo, na ndilo lililonigharimu. Katika kila avenue, namba ya kwanza kabisa haipewi mashine yoyote, maana ndiyo jina la avenue lenyewe. Na ya mwisho kabisa haipewi mashine yoyote, maana ni ya kuita wote kwa mara moja. Ukipiga kelele kwa namba hiyo, kila mashine ya avenue inageuza shingo. Alinitazama aone kama nimeelewa.

“Mutu halali ndani ya jina,” alisema.

Niliona ni maneno mazuri tu ya mzee. Miaka ikapita, Papa Kambale akarudi Butembo kulima kahawa, akaniachia pinsi, ngazi na ule mguu wake mbovu.

Nikabaki peke yangu chini ya AG mpya. AG ni administrata gestioneri, yule anayeshika mambo yote ya polikliniki isipokuwa ugonjwa. Wetu aliitwa Papa Bahati, mtu wa Rutshuru, mrefu, mpole, mwenye heshima, ambaye aliamini kwamba kila kitu kinachoandikwa kwa Kifaransa kinamhusu yeye binafsi. Siku moja aliniita ofisini akiwa amenuna. Alikuwa amefungua usanidi wa kompyuta yake, akaona imeandikwa ana “pasareli par defo”. Pasareli ni ule mlango ambao mashine inapitia kutoka nje ya avenue yake, na kwa Kifaransa cha mashine maneno hayo yana maana ya mlango wa kawaida, usipochagua mwingine. Lakini kwetu defo ni kasoro. Gari lina defo, mchumba ana defo. Papa Bahati aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini mkuu wa nyumba ndiye amepewa pasareli yenye defo. Nilieleza mara tatu. Mara ya nne nilileta kitambaa, nikafuta kompyuta vizuri, nikazima, nikawasha, nikamwambia sasa ni mpya. Aliishukuru kazi yangu mbele ya watu.

Huyo ndiye mtu aliyekuja kuwa hakimu wangu.

Polikliniki ilikua. Mashine zikawa nyingi, zote kwenye avenue moja, na avenue ikawa soko. Mashine moja ya labo, yaani maabara, ilipata virusi, ikashinda ikipiga kelele kwa ile namba ya kuita wote, na kila kompyuta ya nyumba ikawa nzito. Printa zikachanganyikana. Matokeo ya vipimo vya labo yalitokea kwenye printa ya farmasi, na watu wa farmasi, ambao ni binadamu, waliyasoma. Habari za mimba ya mtu zikafika mtaa wa Majengo kabla ya mwenye mimba. Hapo nikaamua kukata.

Kukata ni hivi, kwa wale ambao bado mnaiogopa. Avenue yetu ilikuwa na namba 256, kuanzia 0 hadi 255. Unabadili maski tu, namba yake ya mwisho inatoka 0 inakuwa 192, na avenue moja inakuwa nne, kila moja na namba sitini na nne. Mapokezi wakapata 0 hadi 63. Labo 64 hadi 127. Farmasi 128 hadi 191. Ofisi 192 hadi 255. Ruta inakaa katikati na milango minne, na ndiyo inayoamua nani apite kwenda kwa nani. Kelele za labo zinabaki labo. Mimba ya mtu inabaki ya kwake. Kwa siku chache nilijiona mhandisi.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilieleza kazi hiyo kwenye mkutano, ubaoni. Niliandika kwamba kila idara imepata namba sitini na nne, na kwamba zinazotumika ni sitini na mbili. Mama Sifa akanyanyua mkono.

Mama Sifa alikuwa mkuu wa farmasi, mama mnene wa Masisi, mwenye miwani ya kamba, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhesabu vidonge. Alikuwa amewahi kurudisha kopo zima kwa muuzaji kwa kupungukiwa kidonge kimoja. Aliuliza, taratibu, mbili zimeenda wapi. Nikajibu kwamba ya kwanza na ya mwisho hazitumiki. Akauliza ni hivyo kwa farmasi peke yake au kwa wote. Nikasema kwa wote. Akazidisha kwa vidole.

“Munane,” alisema, na chumba kizima kikanigeukia.

Mnajua jinsi parcelle inavyokatwa mjini kwetu. Anakuja mpimaji, anakuja mpatanishi, anakuja mtu wa ofisi, na kila anayeshika kamba anabaki na kipande chake. Watu wote chumbani walikuwa wamewahi kuona hilo au kufanyiwa. Sasa nimekuja mimi, nimeshika kamba, nimekata nne, na nane hazionekani. Hawakuhitaji kufikiri sana. Mimi mwenyewe ningekuwa nimekaa kwenye kiti chao ningejishuku.

Ingekuwa imeishia hapo kama si mdogo wangu Ramazani. Ramazani alikuwa na saiba yake Birere, watoto walikwenda pale kuandika barua pepe na kucheza. Mwezi huo huo alipata mashine mpya, akafurahi, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: MASHINE MPYA 8. Mfanyakazi wa labo alipita pale kununua mikate. Kabla ya saa sita polikliniki nzima ilijua Mama Mwamini amemhamishia ndugu yake adresi nane.

Nilijaribu kueleza. Kwanza nilieleza kwa njia ya shule, sifuri na moja, safu nane za sifuri na moja ubaoni. Hilo lilizidisha ubaya, maana sasa waliona kuna pia sifuri nyingi ambazo sikuwa nimezitaja. Kisha nikasema adresi hizi zinazoanza na 192.168 haziwezi kuuzwa, ni za bure, kila nyumba duniani inaweza kujiwekea zile zile ndani kwake bila kugombana na jirani. Mkuu wa labo akauliza, kama ni za bure, kwa nini basi nakataa kuwarudishia.

Papa Bahati aliniita. Hakupandisha sauti. Aliagiza nimpe moja kati ya hizo nane, aione kwa macho yake, na akachagua 255, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote na yeye ndiye mkubwa wa ofisi. Nikaiandika kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikakataa, ikasema namba hiyo haifai kwa maski hiyo. Nikamwambia, unaona. Alinitazama kwa huzuni.

“Mama Mwamini, umeisemesha ikatae,” alisema. “Sikiya. Siku ya mukutano, ulete ile adresi munane. Kama hauna nayo, ulete funguo.”

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikalia, kisha nikakasirika zaidi kwa kuwa nimelia. Kazi ningeweza kupata nyingine. Nilichoogopa ni jina. Baba alikuwa bado hai, anakaa mlangoni mwa duka na mizani yake, na watu wa polikliniki walinunua kwake sukari. Niliona jinsi itakavyokuwa: mtu anapima sukari mara ya pili kwa jicho, hasemi kitu, analipa, anaondoka. Sikumwambia Baba. Ramazani nilimwambia afute ubao. Akafuta, na watu wakasema ameficha ushahidi.

Kabla ya mkutano sikulala vizuri, sitadanganya. Nilichukua funguo za chumba cha ruta, nikaziweka kwenye mfuko wa koti. Adresi nane sikuweza kuzibeba.

Mkutano ulijaa kuliko siku ya mgao wa sabuni. Mama Sifa alikuwa hayupo tangu juzi, aliomba ruhusa ya mambo ya familia. Papa Bahati alianza bila yeye. Aliniuliza ziko wapi. Nikasema ziko pale pale, hazikuenda popote, ila hazikaliwi. Mtu nyuma akacheka. Nikaingiza mkono mfukoni kushika funguo. Hapo mlango ukafunguka, Mama Sifa akaingia na viatu vyenye vumbi jeusi la mtaa wa Ndosho, akaomba neno, na hakusubiri apewe. Nikajua nimekwisha.

“Miye njo nilianza hii maneno, miye njo nitaimaliza,” alisema. “Jana tulikata parcelle ya papa yetu. Tuko batoto ine. Mupimaji akapima, akagawa, na kila kipande ikakuwa kidogo kuliko robo. Nikahesabu. Nikamuita mwizi mbele ya bandugu na bajirani.”

Alivua miwani akaifuta kwa kitenge.

“Ule mutoto hakukasirika. Aliniuliza tu: Mama, utaingilia wapi? Na ukuta utaweka mu kipande ya nani?”

Mama Sifa akaendelea kwamba parcelle ilipokuwa moja, ilikuwa na mlango mmoja na ukuta mmoja wa mawe kuzunguka. Sasa ziko nne, na kila mmoja anataka mlango wake na ukuta wake, na hivyo vyote vinakaa juu ya udongo. Hakuna aliyeiba. Wameukalia wenyewe kwa kutaka kila mtu na kwake. Alisimama mpaka usiku wa manane akilitafuta lile eneo lililopotea, na kila alipolitafuta alijikuta amesimama njiani.

“Ba-adresi pia njo vile,” alisema. “Tulisema tunachoka kusomewa vipimo. Tukakatiwa. Sasa tunalilia njia.”

Nikapata sauti. Nikasema ndiyo, ya kwanza ya kila kipande ni jina lake, ya mwisho ni ya kuita wote wa humo, na nikayatoa maneno ya Papa Kambale, kwamba mtu halali ndani ya jina. Safari hii yaliingia. Niliona vichwa vinakubali, hata vya labo. Kisha mkuu wa labo, ambaye si mjinga, akauliza: kama ni hivyo, zamani ilipokuwa avenue moja, si zilikuwa zinakosekana mbili tangu mwanzo? Ilikuwa kweli kabisa. Mama Sifa alimwambia akae chini, na mimi sikuona sababu ya kumpinga.

Papa Bahati akatoa hukumu yake ya haki. Alisema adresi hizo hazikuibiwa, amekubali. Lakini kitu kisichotumika na mtu ni mali ya nyumba, na mali ya nyumba lazima iandikwe kwenye inventeri, ile orodha ya mali, isije siku moja mtu akajisahau. Wote wakaona ni sawa. Kuanzia hapo, kila inventeri ya mwaka, kati ya ngazi na jenereta, zilisomwa adresi nane, na mimi niliitika kwamba zipo. Jina la Mama Munane lilianza siku hiyo. Mwanzo liliniuma. Baadaye nilipomsikia Baba mwenyewe akinitania kwalo dukani, huku akipima sukari ya Mama Sifa, nikaligeukia na kuitika.

Sasa mnajua kwamba hapa kwetu mtu hatoki kazini bila remize na reprize. Anayetoka anakabidhi, anayeingia anahesabu, shahidi anatia sahihi. Yangu ilifanyika mwezi uliopita. Aliyenipokea ni Esperance, ambaye ninyi nyote mnamwogopa, na mna haki. AG wa siku hizi ni kijana, hakuwahi kumwona Papa Bahati wala Papa Kambale. Shahidi niliruhusiwa kumchagua, nikamchagua Mama Sifa. Amestaafu siku nyingi, magoti yamemchoka, lakini alikuja kutoka Ndosho, na alishuka kwenye pikipiki akimgombeza dereva.

AG alisoma kwa sauti. Pinsi mbili. Ngazi moja, mguu mmoja mbovu. Grisi ya magari, kopo moja. Adresi nane, hazijawahi kutumika, hali nzuri. Hapo akasimama, akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaangalia mezani kama zimewekwa huko.

“Mama, hizi ziko wapi?” aliuliza.

Nilifungua mdomo nimweleze, jina la avenue, namba ya kuita wote, maski na yote. Nikaona machozi yananitangulia, nikafunga mdomo. Mama Sifa alijisogeza, akavaa miwani yake ya kamba, akamnyang'anya AG kalamu.

“Naandika ziko zote, papa,” alisema. “Huyu mama hakukula hata moja. Miye nilizihesabu.”